Alama Chini ya Goti la Baba Yako

Nyumba ya Darajani,
Achnagarra,
Nyanda za Juu, Uskoti.
Jumamosi, 9 Septemba 1995.

Mpendwa mpwa wangu Ishbel,

Pokea salamu nyingi za mjomba wako Lachlan, zivuke bahari zote mpaka huko Dunedin uliko. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na mumeo Neil, na kwamba kile kikohozi cha mtoto Una ulichotuandikia mwezi wa sita kimekwisha kabisa. Huko kwenu nadhani baridi inaondoka. Huku ndiyo inaanza kunyemelea, na leo asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mto kiasi kwamba sikuliona daraja ambalo nimelijenga kwa mikono yangu mwenyewe, mimi na watu wengine wawili waliokuwa wananipa mawe.

Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Goti la kushoto linanisema kidogo nikishuka mlima, lakini bado nawaacha nyuma vijana wa nusu ya umri wangu. Usingizi ndio umenihama. Leo ni siku ya sita.

Najua mama yako alikupigia simu Jumatatu akakuambia baba yako amepata kiharusi kidogo, amelazwa mjini, na usihangaike kupanda ndege. Simu ile aliipiga kabla mambo hayajageuka. Nikuambie kwanza ili usisome ukiwa roho mkononi: baba yako yu hai. Anaongea, ingawa maneno yanatokea upande mmoja wa mdomo. Lakini tangu Jumatano moyo wake unaruka mapigo, na mpaka naandika hivi hakuna daktari aliyeniambia hatari imepita. Na huenda si kiharusi. Huenda ni kitu ambacho mimi nilikiona kwa macho yangu mwezi wa saba, nikakipa jina lingine.

Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeanza na mzaha, wewe ungecheka, na mwisho ningekata bila kusema lolote. Karatasi hainichekei.

Utataka kujua, kama mama yako anavyotaka kujua, ni nani aliyemvua baba yako suruali akamvisha kilti. Basi nianzie hapo.

Wewe ulipoondoka huku, kilti, hii sketi ya mikunjo ya wanaume wetu, ilikuwa nguo ya harusi, mazishi na wapiga zumari. Mwanaume aliivaa mara mbili kwa mwaka, akairudisha sandukuni ikanukie dawa ya nondo. Aliyeirudisha mlimani, ikawa nguo ya kazi kama ilivyokuwa kwa wazee wetu, ni mimi. Watu watakuambia kuna mtu kule Torridon alinitangulia. Usiwasikilize, yule aliivaa Jumapili tu, tena jua likiwaka.

Ilikuwa Februari ya mwaka themanini na saba. Nilikuwa kwenye kazi yangu ileile ya kupanga mawe kwenye njia za mlimani, ili wapanda milima wasizame kwenye matope. Nilivaa suruali nzito, na juu yake suruali ya mpira ya kuzuia mvua. Sasa ile ya mpira inazuia mvua ya nje, sawa, lakini jasho la ndani liende wapi? Nilikuwa nalowa kutokea ndani kama sufuria iliyofunikwa. Mapaja yalichubuka nikawa natembea kama bata. Siku moja nikafika nyumbani nimechoka, nikazivua zote mbili pale mlangoni, nikaingia kuota moto. Kwa baridi ile ziligandiana, zikasimama wima zenyewe kwa miguu yake miwili. Finlay wa posta akapita, akazisalimia, akaziuliza habari za kazi, na alipoona hazimjibu akaenda kumwambia mama yako kwamba nimeanza kuwa na maringo. Muulize Finlay, bado yupo.

Siku hiyo ndipo nilipofungua sanduku la marehemu babu yako, nikatoa kilti yake ya jeshini. Nikaivaa na viatu vya mlimani na soksi nene, nikapanda. Ishbel, wewe umevaa sketi tangu ukiwa mtoto, kwa hiyo huwezi kujua wanaume tunanyimwa nini. Sufu hata ikilowa inapasha joto. Mvua inapiga goti, inateremka, imekwisha, na ukitembea hatua mia mbili ngozi ni kavu. Suruali hiyohiyo ingehitaji moto na usiku kucha. Ukivuka kijito hukunji kitu. Ukipanda mwamba, goti linainuka bila kuomba ruhusa. Ukikaa juu ya jiwe la baridi, una matabaka ya sufu chini ya makalio ambayo hata tajiri hana kwenye kiti chake. Nimebebea wana-kondoo ndani yake, nimejifunika, nimeifanya kivuli cha kulia chakula. Mara moja upepo uliingia chini yake nikiwa juu ya ukuta wa mawe, ukanishusha upande wa pili polepole kama jani, na kati ya mayai kumi na mawili niliyobeba halikupasuka hata moja.

Watu walinicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili waliniuliza maswali. Mwaka wa tatu Finlay naye akavaa, maana anaingia na kutoka garini mara tisini kwa siku, na alisema magoti yake yamefufuka. Hakuna aliyewaamrisha. Hivi ndivyo inavyokuwa. Mtu anaona mwenzake mkavu na yeye kalowa, anaona aibu kwa wiki moja, halafu anakuja kimyakimya kuuliza kitambaa kinapatikana wapi.

Baba yako alikuwa wa mwisho, na ni mimi niliyemsukuma. Nilimsumbua mwaka mzima. Kila tulipokusanya kondoo nilimwambia anatembea kama mtu aliyefungwa miguu ndani ya gunia. Yeye unamjua, hajibu, anatazama mbwa wake. Kisha majira ya kuzaa kondoo ya mwaka tisini na tatu yalikuwa ya mvua na theluji wiki tano mfululizo, na suruali ya mpira ikamchubua mpaka damu. Siku moja nikasikia mlango unagongwa. Akasimama pale, hakuketi, akasema, "Haya, shemeji. Nipe hiyo sketi yako niione."

Nilimshonea mwenyewe. Hakuna fundi katika Nyanda za Juu anayepanga mikunjo kama mimi, na hilo nitalisema hata mbele ya hakimu. Sufu ya rangi ya kahawia, bila mistari, ili isionyeshe matope. Baada ya wiki mbili hakuivua tena isipokuwa kwenda kulala. Kwenye mnada wa kondoo kule Dingwall jamaa mmoja akamwuliza mbele ya watu kama leo ametoka na sketi ya mkewe, Dolina. Baba yako akasema, "Ya Dolina ina mifuko. Hii haina, ndiyo maana sikununulii bia." Watu walicheka mpaka mnadishaji akasimamisha mnada. Nilijivuna siku ile kana kwamba maneno nimeyashona mimi.

Mama yako peke yake hakuipenda. Hakujali kuchekwa. Alijali kupe. Alisema yale majani ya kangaga yanayotufika kiunoni yamejaa kupe, kulungu wameongezeka na kila mmoja anawadondosha kila anapopita, na mtu anayepita hapo miguu mitupu anajitafutia. Mimi nikamjibu mezani kwake, nikila mkate wake, kwamba kupe anapenda giza. Nikamwambia anaingia kwenye suruali ajifiche, mguu ulio wazi anauogopa, na kwamba mimi tangu nianze kuvaa kilti sijaumwa na kupe hata mmoja.

Huo ulikuwa uongo, Ishbel. Yale ya suruali iliyosalimiwa na posta na mayai kumi na mawili, kila mtu anajua namna ya kuyasikiliza. Huu niliusema kwa uso mkavu. Kila kiangazi nimeng'oa kupe mwilini mwangu, wengine mahali ambapo siwezi kumwandikia mpwa wangu. Nilichokuwa nacho ni kibano na mazoea. Kila nikirudi kutoka mlimani nakaa karibu na dirisha kabla ya chakula, nashusha soksi, najikagua kuanzia kifundo mpaka kinena, nyuma ya magoti, chini ya ule mkunjo wa soksi. Hiyo ndiyo gharama ya kuvaa kilti mlimani, na anayeivaa bila kufanya hivyo anavaa nusu. Nilimpa baba yako kitambaa, nikampa mshipi, nikampa soksi na ile mipira ya kuzishikilia chini ya goti. Habari ya kibano sikumpa. Ningempaje, na mimi nilishasema hakuna kupe?

Sasa nafika kwenye mwezi wa saba.

Tulikuwa tunakata manyoya ya kondoo, mimi na baba yako na jirani mmoja aliyekuja kusaidia. Saa ya chai tukakaa ukutani. Baba yako akashusha kidogo soksi ya kulia, akaniambia nimtazamie pale, hapaumi wala hapawashi, ila pana kitu. Nikaona mstari mwekundu umepinda upande wa nje wa mguu, vidole vinne chini ya goti, pale pale mpira wa soksi unapokaa. Ndani ya mstari ngozi ilikuwa ya kawaida. Nusu yake ilikuwa imefichwa na soksi.

Kila mvaa kilti ana alama hiyo. Mpira unabana siku nzima, ukiuvua unaacha wekundu. Basi nikamwambia, "Mpira wa soksi huo, shemeji. Umeukaza kama unafunga gunia la viazi." Nikaongeza kwamba hicho ni cheo, kwamba sasa amekuwa mmoja wetu. Akacheka. Baba yako hasifiwi mara nyingi, na niliona amefurahi. Akaulegeza mpira kwa makini, akapandisha soksi, tukaendelea na kazi.

Sikuinama, Ishbel. Ningevuta ile soksi chini kwa kidole kimoja ningeona kama mstari umezunguka mguu, kama wa mpira, au umejifunga wenyewe ukawa duara. Nilikuwa na kikombe mkononi na hadithi mdomoni.

Mwezi wa nane wote baba yako alikuwa mchovu. Shingo ikakakamaa. Alisema ni umri, nami nikamwambia umri gani, mimi mbona sichoki. Alama ilishapotea, hakuna aliyeikumbuka. Jumapili iliyopita, wakinywa uji kabla ya kwenda kanisani, mama yako akaona maziwa yanamtiririka kwenye kidevu upande wa kushoto, akamwambia ajifute. Akajifuta upande wa kulia. Ndipo mama yako akamtazama vizuri, akaona jicho halifumbi na mdomo umeshuka.

Jumanne nilikuwepo daktari alipopita. Ni mwanamke kijana, anaitwa Rhona, anaongea polepole na anasikiliza, ambalo ni jambo geni kwa watu wenye elimu. Alisema uso ule unaweza kuwa kiharusi, lakini mikono na miguu ya baba yako ina nguvu zake zote, na hilo linamsumbua. Akasema kuna ugonjwa wa kupe unaoweza kupooza uso hivyohivyo, akamwuliza kama ameumwa na kupe kiangazi hiki, au kama ameona wekundu wa mviringo popote mwilini. Baba yako akafikiri kwanza, kama afanyavyo akiulizwa bei ya kondoo, akasema hapana. Hakusema uongo. Aliambiwa na bingwa kwamba ile ni alama ya mpira.

Mama yako naye akasema hapana. Halafu daktari akanitazama mimi, kwa adabu tu, maana nilikuwa nimesimama hapo na kilti yangu. Nikatazama dirishani.

Sijui nitakueleza vipi. Nilijua wakati uleule. Nilijua kama mtu anavyojua ameacha moto jikoni na tayari yuko mbali na nyumba. Lakini mama yako alikuwa amekaa pale, na katika siku mbili zile alikuwa hajaniambia lolote isipokuwa, "Wewe na sketi zako." Nikajiambia nitasema baadaye, kwa daktari peke yake, kwenye ukumbi. Ukumbini nikajiambia huenda kweli ilikuwa mpira. Nikaenda nyumbani nikajiambia hivyo tena.

Jumatano moyo wa baba yako ukaanza kusitasita. Waliufunga kwenye mashine, na nilipofika jioni nilikuta mama yako anaitazama ile mashine, hamtazami baba yako. Mapigo matatu, kimya, pigo moja. Kila kimya kilipokuja alikuwa anashika ukingo wa kitanda. Walizungumza habari za kumpeleka hospitali kubwa wamwekee chombo cha kuusukuma moyo. Nilitoka nikakaa ndani ya gari, sikuliwasha.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua.

Nilimngoja Daktari Rhona mpaka akaja kitandani, kwa sababu niliona nikisema kwa siri nitakuwa bado najificha. Nikasema mbele ya wote watatu. Nikasema mwezi wa saba shemeji yangu Ewen alinionyesha wekundu chini ya goti la kulia, nami nikamwambia ni mpira wa soksi.

Daktari akauliza ulikuwa mkubwa kiasi gani. Nikasema kama kisahani cha kikombe cha chai.

Mama yako akasema bila kunitazama, "Usiyaandike maneno ya huyo, daktari. Kwa Lachlan kisahani ni sinia."

Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwonya mgeni kuhusu ngazi iliyooza. Na ninakuambia, mpwa wangu, katika miaka yangu hamsini na mitatu hakuna kilichonichoma kama hicho, maana ilikuwa kweli. Alama yenyewe haipo tena mguuni. Baba yako hakuiona vizuri, ilikuwa upande wa nje, karibu na nyuma. Ushahidi uliobaki duniani ulikuwa mdomo wangu, na mdomo wangu nilishautumia kwa suruali zinazosimama zenyewe.

Daktari akanitolea kalamu kwenye mfuko wake. Akasema, "Nichoree mguuni mwako. Pale pale, na ukubwa uleule."

Nikashusha soksi yangu mbele ya dada yangu na shemeji yangu. Nikaanza kuchora. Mkono ulikuwa unataka kuongeza, nakuapia, mkono wenyewe umezoea. Nikaushika kwa mkono mwingine. Nilichora nusu ile niliyoiona, nikakomea pale soksi ilipokuwa imeanzia. Nikamwambia hapa chini sikuona. Sikuona kwa sababu sikutazama. Nikamwonyesha pia alama ya mpira wangu wa asubuhi ile, ambayo ilikuwa imezunguka mguu mzima, na mstari niliouchora ukawa umepanda na kupinda kurudi chini. Hata mtoto angeona si kitu kimoja.

Baba yako alikuwa ameinua kichwa anautazama mguu wangu. Akasema kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi, "Ndiyo. Ilikuwa hivyo." Kisha akasema, "Nilimwamini, daktari. Ameshavaa kilti miaka mingi."

Alisema hivyo kunitetea, Ishbel. Ndilo linaloninyima usingizi.

Daktari akauliza siku, mwezi, kama alipata homa baadaye. Alichukua damu siku ileile, akaanza kumpa dawa ya mshipani bila kungoja majibu. Alisema kama ni ugonjwa wa kupe, moyo unaweza kutulia kwa dawa hiyo na uso unaweza kurudi, pengine kwa wiki, pengine kwa miezi. Alisema "unaweza". Nilimsikiliza vizuri, hakusema "utatulia". Damu imepelekwa maabara ya mbali na majibu hayajafika. Nilimwuliza kama siku mbili nilizonyamaza zimemdhuru. Akasema hawezi kujua. Ningependa angenidanganya kidogo.

Mama yako alinyanyuka akahamia kiti cha upande wa pili wa kitanda. Hajanisemesha tangu hapo. Sahani yangu ameacha kuiweka mezani, na sisemi ili umlaumu. Yeye aliuliza habari za kupe miaka miwili iliyopita, nikamjibu kwa mkate wake mdomoni.

Sasa mambo mengine ya hapa, maana najua utataka kujua. Kondoo wa baba yako nawaangalia mimi. Mbwa wake ananitii nusunusu, ananiletea kondoo halafu anatazama barabarani. Majike mawili yanachechemea, nimeyatibu kwato. Paa la banda linavuja pale pale linapovuja kila mwaka. Finlay nimemwendea nikampa kibano na kumwambia kila kitu, na nikamkagua miguu mwenyewe hapo kwenye gari la posta huku mke wa mchungaji wa kanisa akipita. Tulimkuta naye kupe mmoja, mdogo kama mbegu ya ufuta. Alikasirika kwa mambo mengi kwa pamoja na alikuwa na haki. Tangu jana nimeanza kupita nyumba kwa nyumba kwa wote waliovaa kilti kwa sababu yangu. Ni wanaume saba. Zamani nilikuwa nawahesabu kwa kujisifu.

Nilikuwa nimefika hapa nikaiacha kalamu, maana simu ililia. Ilikuwa mama yako, kutoka hospitali. Sauti yake kavu. Alisema moyo umepiga bila kuruka tangu alfajiri, ila daktari hataki tushangilie mpaka zipite siku nyingine mbili. Uso bado uleule. Wanataka baba yako aanze kukaa kitini na kutembea hatua chache kesho, na anataka nguo zake, haiwezekani atembee na lile gauni la hospitali lililo wazi nyuma. Akaniambia niende nyumbani kwao nikamletee. Akakata.

Nimekwenda. Nimefungua kabati lao. Upande mmoja kuna ile suruali nyeusi ya kanisani, imenyooshwa. Upande wa pili kuna kilti ya kahawia niliyomshonea, ameitundika vizuri kwa ile mikunjo yangu. Nimesimama pale, Ishbel, pengine robo saa. Siku zote ningejua. Ningechukua moja, na kabla sijafika hospitali ningekuwa na sababu tano kwa nini ndiyo inayomfaa mgonjwa wa moyo. Leo sikuwa na hata moja. Nikaenda kwenye simu yao nikampigia mama yako hospitalini, nikamwuliza nilete ipi.

Akasema, "Mbona unaniuliza mimi. Muulize mwenye miguu."

Basi nimeziweka zote mbili kwenye mfuko, na kibano pembeni. Kesho saa nne nitaziweka kitandani mbele ya baba yako, nitamwuliza, halafu nitanyamaza mpaka ajibu, hata kama itachukua asubuhi nzima.

Kuhusu safari yako sitakushauri. Pima mwenyewe na mumeo. Ukiweza mpigie mama yako simu hospitalini, anakaa pale mchana wote, na usimtetee mjomba wako kwake. Kwangu andika ukipata nafasi, hata kama ni maneno ya hasira. Nitayasoma yote.

Nisalimie Neil sana. Mwambie Una kwamba mjomba wa mama yake anamkumbuka. Finlay anakusalimu, na shangazi Effie wa ng'ambo ya mto anakuombea pamoja na baba yako. Mungu awafunike huko mliko, na autulize moyo wa Ewen usiku huu na kesho.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye na anayekuomba radhi,

Lachlan